Nilimnunulia binti yangu cherehani, kisha mimi mwenyewe nikamfanya aichukie. Wenye watoto wenye mkono wa kushona tukutane hapa

#1 (mleta uzi, yaani aliyeanzisha mjadala)

Wakuu, habari za jioni. Huku Uyole, Mbeya, baridi imeshaanza kung'ata. Lori la viazi limeondoka salama, nimekaa na chai yangu, nikasema leo nimalize hili jambo ambalo nimekuwa nikiliahirisha. Ni refu, mwenye haraka apite tu, hatutagombana.

Nina watoto watatu. Wa pili ni binti, yuko kidato cha tatu. Jirani yetu ni mama mmoja mtu mzima, fundi nguo, anashonea barazani kwake. Binti akiwa darasa la nne alikuwa akitoka shule anapitia pale kuokota vipande vinavyodondoka chini ya meza. Mimi nikajua ni michezo ya watoto.

Siku moja nikamkuta na mwanasesere wake wa gunzi. Limevishwa gauni. Nililichukua nikitaka kucheka, cheko likaniishia mdomoni. Lile gauni lilikuwa na mikono, na mikono yenyewe imeingizwa begani kwa kukusanya kitambaa kidogo kidogo mpaka kikatuna. Pindo la chini limekunjwa mara mbili ili nyuzi zisichomoze. Hakuna aliyemfundisha. Uzi aliutoa wapi? Kwenye soksi yangu ya kuvalia viatu vya mvua, nilikuja kugundua baadaye.

Nikampelekea mama yake jikoni. Akaniangalia tu: "Mimi nimeona zamani. Nilikuwa nakusubiri wewe."

Yule mama fundi akaanza kumkalisha kwenye cherehani. Alichomfanyia mwezi wa kwanza kilinishangaza: hakumpa uzi wala kitambaa. Alimpa karatasi ya daftari yenye mistari, sindano tupu, akamwambia akanyage afuate mstari. Anayeanza akikanyaga vibaya gurudumu linarudi nyuma na uzi unasokotana chini, sasa bila uzi hakuna cha kusokotana. Ukiinua ile karatasi juani unaona matundu yamepita juu ya mstari au yamekwenda zake. Binti alijaza daftari zima kwa matundu. Daftari lenyewe la hisabati, lakini hiyo kesi tuiache.

Alipoingia kidato cha kwanza nikamnunulia cherehani yake. Ya mguu, imetumika, maandishi ya dhahabu yamefutika nusu, mkanda wa ngozi umeungwa kwa waya. Fundi mmoja wa Mwanjelwa alikuwa anahamia kwenye ya umeme akaniuzia. Wakuu, yule mtoto hakulala siku ile. Aliisugua kwa kitambaa na mafuta mpaka ikawa inajionyesha yenyewe.

Sasa hapa ndipo baba mtu nilipoharibu.

Nilienda sokoni nikaanza kujigamba. Binti yangu anashona, binti yangu hivi, binti yangu vile. Desemba inaisha, kila mzazi anatafuta sare za Januari, na mafundi mnawajua, ukimwuliza nguo lini anakwambia kesho, na kesho yenyewe haina tarehe. Watu wakaniambia basi atushonee. Nikapokea oda za sketi ishirini na mbili. Sketi za marinda! Nikachukua na hela ya kutangulizia. Ile hela sitawaficha, niliiongezea kwenye mzigo wa viazi.

Yeye sikumwuliza. Nilimpelekea vipimo kwenye karatasi kama mtu anayepeleka amri ya jeshi.

Kwa msiojua marinda: kila rinda la inchi moja linakula inchi tatu za kitambaa, moja inayoonekana na mbili zilizojificha nyuma. Kiuno cha inchi 26 kinataka inchi 78 kabla hujahesabu za mshono. Kitambaa cha upana wa inchi 45 hakitoshi mzunguko, unaunga vipande viwili, na pale pa kuungia lazima paangukie ndani ya rinda pasionekane. Ukikosea robo inchi kwenye kila rinda, mwisho wa kiuno umepotea inchi sita na nusu. Mtoto wa miaka 14 alifanya hesabu hizo mara ishirini na mbili, na pasi ya mkaa, kwenye baridi ya huku, usiku. Mimi nikipita mlangoni neno langu lilikuwa moja: "Bado ngapi?"

Sketi zikaisha. Nikaona mambo si hayo! Nikapokea gauni la kitenge la mama mmoja tunayesali naye, kitenge cha ndege wakubwa, wote wamesimama wanatazama juu. Kitambaa kilikuwa kidogo. Binti ili kitoshe akageuza kipande cha nyuma. Mbele ndege wamesimama, nyuma wananing'inia kichwa chini kama popo.

Yule mama alikuja, akaligeuza, akanyamaza. Mimi kwa aibu yangu nikamfokea mtoto mbele yake. Nilimwambia maneno ambayo hapa siyaandiki.

Hakulia. Usiku ule aliifuta cherehani, akaitia mafuta, akaifunika khanga. Miezi minane, wakuu. Juu ya ile khanga tukawa tunaweka ndoo ya maji ya kunywa.

Nimechoka kidogo, naendelea baadaye. Ila wenye watoto wa aina hii, ninyi mnafanyaje?

#2

Mkuu tukuambie ukweli au tukupambe? Mtoto yuko kidato cha tatu, shughuli yake ni kitabu. Cherehani haikimbii. Amalize shule kwanza, mambo ya kuokota vipande barazani aachane nayo. Nchi hii kila kona kuna fundi.

#3 (mleta uzi)

Mkuu namba 2, nimekusikia. Kila kona kuna fundi, na kila kona kuna mtu analia fundi kamharibia kitenge. Tafsiri mwenyewe.

#4

Kamweneee kutoka Iringa. Mimi ni fundi wa nguo za kiume, niko kwenye hii kazi tangu 1998, naomba nichangie kwa marefu.

Mleta uzi, kosa la ndege hata mafundi wazima wanalifanya. Kitenge chenye picha iliyosimama hakikatwi kama kitenge cha maua yanayoangalia kila upande. Kinakula zaidi, na jibu ni kumwambia mteja mapema kwamba kitambaa hakitoshi, aongeze au tubadilishe mshono. Hilo neno "hakitoshi" ndilo gumu kuliko kukata. Mtoto hawezi kumwambia mtu mzima, tena rafiki wa baba yake wa kanisani. Kwa hiyo kosa lilikuwa la aliyepokea kitambaa. Ni wewe, kaka yangu.

Sasa la kujenga. Mtoto akishajua kunyoosha mshono, usikimbilie kumpa kitambaa kipya. Mnunulie shati la mtumba, lile lililoshonwa vizuri lakini lina doa au limepauka, la bei ya kutupa. Mpe wembe au kile kifumulio, mwambie alifumue lote. Asilichane, alifumue. Nilijifunza kola hivyo. Kola ya shati ukiiangalia kwa nje unadhani ni kipande kimoja. Ukiifumua unakuta kuna kola yenyewe na kile kijisimamo kinachoishikilia shingoni, kila kimoja kina pande mbili, na katikati kuna gamu, kile kitambaa kigumu cha kukazia. Unakuta kipande cha chini cha kola kimekatwa kidogo zaidi ya cha juu, ndiyo maana kola inalala chini haibinuki. Fundi mwenye kola zinazobinuka kama masikio ya punda, ujue hajawahi kufumua shati.

Akishalifumua apige pasi vipande, aviweke juu ya gazeti achore. Hiyo ndiyo patani yake ya kwanza, yaani mchoro wa kukatia. Halafu alishone upya lile lile. Matundu ya sindano ya zamani yatamwonyesha njia.

Jambo lingine dogo lenye kuleta ugomvi: sindano. Wazazi wananunua cherehani halafu sindano moja inatumika mwaka. Namba 14 kwa vitambaa vya kawaida, 16 kwa jinzi na vizito, 11 kwa vile laini vya kuteleza. Sindano butu inaruka mishono na mtoto anadhani mkono wake ndio mbaya. Nimeona wanafunzi wameacha kazi kwa sababu ya sindano.

#5

Namba 4 Mungu akubariki, nimepiga picha maandishi yako yote.

Mimi niko Njombe, wangu ni mvulana. Alianza kwa kufuma, si kushona. Mnaijua baridi ya Njombe mwezi wa sita, sweta la shule ni kama daftari, huendi bila hilo. Bibi yake anafuma kwa sindano mbili, naye akakaa pembeni, wiki ya pili anafuma mikono ya sweta bibi akiwa amesinzia. Watu walisema sana. "Unamlea kike." Hao hao wote wanaosema, suruali zao kashona mwanaume! Fundi wa hapa stendi mwanaume, wa kule sokoni mwanaume. Lakini mwanangu mimi akishika uzi inakuwa ajabu.

Baba yake ndiye alikuwa mgumu. Sikugombana naye. Nilimwambia kijana ashone pindo la suruali ya baba yake ya ibada, iliyokuwa inaburuta siku zote. Jumapili mzee akavaa, akajiangalia, akauliza nimeipeleka kwa nani. Nikamwambia imetengenezwa humu ndani. Alinyamaza njia nzima mpaka kanisani. Tangu siku hiyo mambo ya "kike" sijayasikia.

Mleta uzi rudi umalizie bwana, ndoo iliondokaje juu ya cherehani?

#6

Mimi ni mwalimu, huku huku nyanda za juu. Naomba niguse pande mbili.

Kwanza zile sketi ishirini na mbili. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamruhusu mtoto kufanya kazi kuanzia miaka 14, kazi nyepesi, isiyomuumiza wala kumzuia shule. Kazi za usiku hairuhusu. Sikutishi mkuu, ulikuwa na nia njema, lakini wazazi wengi wakisikia "kazi za mtoto" wanafikiria migodi na mashamba tu. Sebuleni kwako nako kunahesabika. Dalili darasani tunaziona: mtoto wa mbele anaanza kusinzia kipindi cha pili.

Pili, mchangiaji namba 2 anatenganisha kitabu na cherehani kama maji na mafuta. Sera ya elimu ya 2014, toleo la 2023, imeweka mkondo wa amali, yaani wa ufundi wa vitendo, ndani ya sekondari, na utekelezaji ulianza 2024 kwa kidato cha kwanza katika baadhi ya shule. Wa kwako kama hakuupata, mdogo wake mwulizieni. Na akimaliza kidato cha nne VETA ipo, ile mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, Mbeya wana chuo, Iringa wana chuo, ubunifu na ushonaji unafundishwa kwa ngazi, na kuna kozi fupi. Hata aliyejifunzia barazani anaweza kupimwa ujuzi wake akapewa cheti, utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa upo VETA. Huyo mama fundi jirani yako naye mwambie.

#7

Mnampamba tu mtoto wa watu. Nendeni Mwanjelwa mkaone mitumba, gauni zuri kabisa kwa bei ya soda mbili. Halafu kuna nguo mpya za China. Nani atakaa asubiri fundi wiki mbili? Kazi imekufa hiyo.

#8 (mleta uzi)

Nimerudi. Nilikuwa Makambako lori limetusumbua, samahanini.

Namba 4, umenipiga na nimekubali. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo, kwamba aliyepokea kitambaa ndiye mkosaji. Nimemsomea binti maandishi yako. Hakusema kitu, ila alicheka pale pa masikio ya punda, akaenda kuangalia kola ya shati langu. Inabinuka.

Mwalimu, nimekuelewa. Sina la kujitetea. Ile hela ya kutangulizia nilikuja kumrudishia binti yote, tena mbele ya mama yake.

Sasa ndoo. Miezi minane nilijaribu kila ujinga. Nilimbembeleza. Nilimwambia "unajua una kipaji?", akaitikia "ndiyo baba" na kwenda kuosha vyombo. Nilinunua kitenge kipya pisi nzima nikamwekea mezani, akakikunja vizuri akampelekea mama yake.

Mama yake ndiye aliyeweza. Alikwenda kwenye mitumba akarudi na mashuka mawili makuukuu, meupe yaliyogeuka njano. Akaondoa ndoo, akayaweka juu ya cherehani. Akasema, "Haya ni ya kuharibu." Akatoka zake.

Siku tatu hayakuguswa. Ya nne nikasikia mlio. Wakuu, mlio wa cherehani ya mguu usiku, ule wa taka-taka-taka, nilikuwa kitandani nikawa naogopa hata kukohoa.

Alishona suruali yenye miguu yote miwili ya upande wa kushoto. Alishona blauzi isiyopita kichwa. Alishona kitu ambacho mpaka leo hatujui kilikuwa nini, kuku wanakilalia. Shuka la kwanza lilikwisha, mama yake akaleta jingine. Mimi kazi yangu ilikuwa moja tu, kukaa kimya, na nawaambia ni kazi ngumu kuliko kupakia viazi. Kuna siku nilifungua mdomo, mama watoto akanikanyaga mguu chini ya meza.

Nikalinganisha na hesabu zangu za biashara. Gunia la viazi likioza njiani naandika hasara, maisha yanaendelea, wala dereva simfukuzi. Lakini yadi mbili za mtoto zikiharibika napiga kelele mtaa mzima unasikia. Mashuka yote aliyoyamaliza mwaka ule hayafiki hata gunia moja.

Namba 7, kuhusu mitumba. Nusu ya kazi anazoletewa sasa zinatokana na mitumba hiyo hiyo. Mtu ananunua koti zuri limempwaya mabegani, gauni limemzidi urefu, suruali kiuno sawa lakini paja halipiti. Anakuja. Kulipunguza koti begani ni kulifumua mkono, kukata, na kuurudisha mkono ule mkubwa kwenye tundu lililokuwa dogo bila mikunjo. Kiwanda cha China hakiji Uyole kukufanyia hivyo. Na sare za kwaya je? Huku kwaya zikipata mwaliko wa sikukuu hazivai mtumba, watu thelathini hawapati mtumba wa rangi moja.

Tulivyopanga nyumbani sasa: siku za shule hashoni kazi ya mtu. Jumamosi anashona, likizo anashona. Daftari la oda analo yeye, kaandika juu kwa kalamu nyekundu "USIULIZE BABA". Ana haki ya kukataa, na anakataa kweli. Wiki iliyopita kamkatalia mjomba wake kaunda suti, kamwambia "Mjomba hiyo sijaiweza, nenda kwa fundi mkubwa, ila nikusindikize nikaone anavyokata." Akasindikiza kweli, akarudi na michoro kurasa nne.

#9

Hiyo ya kumsindikiza mjomba ili akaibe ufundi nimecheka peke yangu kwenye daladala 😂 Huyo atafika mbali.

#10

Mimi bado niko palepale, matokeo ya kidato cha nne tutayaona hapahapa. Ila mashuka ya kuharibu nimeyapenda. Wangu anachora ukutani, kesho namtafutia makaratasi.

#11

Mleta uzi, na yule mama wa ndege?

#12 (mleta uzi)

Namba 11, nilikuwa naomba usiulize.

Likizo ya Desemba iliyopita binti alimfuata mwenyewe nyumbani kwake, mimi sijui. Akaomba lile gauni. Kumbe yule mama alikuwa analivaa, ila na mtandio mkubwa mgongoni siku zote, sisi tukadhani ni baridi. Akalifumua, akatoa kipande chote cha nyuma, akaweka kitambaa cheusi cha rangi moja mgongo mzima. Wale ndege waliokuwa kichwa chini akawakata, akawageuza wakasimama, akatengenezea ukanda wa kiunoni na mfuko mmoja. Hakutoza.

Jumapili iliyofuata mama kaingia ibadani bila mtandio, na viti vyenyewe kakaa vya mbele.

#13

Mkuu naomba namba ya binti, nina wasichana wawili wanataka sketi za shule Januari. Za marinda. Bei gani?

#14 (mleta uzi)

Ndugu yangu, mimi nilishafukuzwa kazi ya kupokea oda. Njoo Uyole Jumamosi na hao wasichana wapimwe, umwulize mwenyewe. Na usije na kitambaa pungufu, atakurudisha.